Mgeni Njoo, Mwenyeji Asihame

Wapo miongoni mwetu watu ambao kila wasikiapo neno utalii hukimbilia kutazama ng'ambo. Hutuonyesha picha za visiwa vya Ugiriki, nyumba nyeupe juu ya majabali na wageni wanaohama kisiwa hadi kisiwa kwa meli, kisha huuliza: kwa nini Mtwara isiwe hivyo? Swali si baya. Ubaya umo katika jibu walilokwisha kujiwekea, kwamba njia ni moja tu: kumpa tajiri ufukwe, kuuzungushia ukuta, na kumwacha mwananchi achungulie nje.

Pwani ya Mtwara haina haja ya kuazima uzuri. Kutoka Mikindani, bandari ya kale ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, hadi mdomo wa Mto Ruvuma mpakani na Msumbiji, kuna mchanga mweupe, mikoko, matumbawe na visiwa vidogo. Mwaka 2000 sehemu ya pwani hiyo, yenye kilomita za mraba 650, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Hifadhi hiyo haikuja bure. Mvuvi alitakiwa aache kokoro na nyavu za macho madogo ili mazalia ya samaki yapone. Mama anayeshuka pwani maji yakipwa, kutafuta pweza wa kulisha wanawe, naye alitakiwa kufuata masharti. Je, baada ya hawa kuitunza bahari, ni haki wazuiwe kuifikia kwa sababu mgeni anaota jua?

Msimbati imekwisha kuonja kiburi cha namna hiyo. Mwaka 1959 Mwingereza mmoja mstaafu aliyelowea huko, Latham Leslie-Moore, alijitangaza kuwa Sultani wa Msimbati. Leo tunamcheka. Lakini ukuta unaofunga njia ya wavuvi ni usultani ule ule, ila hauna bendera.

Hata huko Ugiriki tunakoelekezwa, wenyeji wamechoka. Mwaka 2023 wananchi wa kisiwa cha Paros waliandamana na mataulo yao mikononi, wakidai ufukwe wa umma uliojazwa viti na miavuli ya kukodisha. Basi, tunahimizwa kuiga jambo ambalo wenyewe wanalipinga!

Hoja hii si ngeni kwetu. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizua mjadala mkali magazetini: utalii unamjenga nani? Swali hilo lingali linadai jibu, na jibu halimo katika kufunga milango. Mgeni atakaye kuzuru visiwa na apakiwe katika mashua ya mwanakijiji, aongozwe na kijana aijuaye miamba, ale samaki aliyevuliwa hapo, na fedha yake ibaki hapo.

Sheria tunazo. Ile ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 inataka wanavijiji washirikishwe, na ile ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Sheria haijisimamii yenyewe. Ndugu mtumishi wa Serikali, kabla hujapitisha ombi la kiwanja cha hoteli, nenda ukauone mkutano wa kijiji kwa macho yako, wala usitosheke na muhuri. Nawe ndugu mwalimu, wapeleke wanafunzi wako wakaione mikoko na matumbawe; mtoto asiyeujua utajiri wake ni rahisi kumnyang'anya.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mgeni njoo, mwenyeji ahame.