Shanta Mgongoni Baada ya Hamsini

Alfajiri ya Jumamosi, ukiwa Nairobi au Nakuru, utawaona vijana makundi kwa makundi, mizigo migongoni, wakielekea milima ya Ngong, Longonot au Aberdare. Mtindo huu ulishika kasi baada ya maradhi ya korona ya mwaka 2020, watu walipochoka kufungiwa. Hilo si ajabu, ujana una mambo yake. Linalostahili kutazamwa ni kwamba watu wazima nao wamo, waliostaafu na walio mlangoni mwa kustaafu. Na miongoni mwao, msomaji wangu, nimo mimi, mtu wa pwani mwenye miaka hamsini na sita, ambaye hata mlima wa Rabai sikupata kuupanda ila ndani ya gari.

Mazoezi yangu niliyafanyia Kiminini, kwa shemeji yangu, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Ni nchi ya mahindi na udongo mwekundu, na upande wa magharibi Mlima Elgon umelala mpana kama jahazi lililopinduliwa. Kwa siku tisa, baada ya Sala ya Alfajiri, nilikuwa nikitia shanta mgongoni na kushika njia za mashambani. Neno hili shanta, watu wa rika langu tulilijua kwa askari tu. Hatukudhani litatufikia sisi na vikoi vyetu.

Siku ya pili kijana wa bodaboda alinisimamia. “Mzee wangu, panda, nauli tutaelewana.” Nikamwambia, “Natembea tu, mwanangu.” “Unakwenda wapi?” “Narudi hapo nilipotoka.” Akaniuliza kwa upole kama nimeishiwa. Nilipomwonyesha kuwa nauli ninayo, huruma yake ikazidi badala ya kupungua.

Simlaumu. Kwetu Afrika ya Mashariki kwenda kwa miguu na mzigo mgongoni ni alama ya ufukara, na kwetu pwani ni zaidi ya hapo, ni uhamali. Tena jambo hili lina mizizi. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alitoka Mombasa akapita nchi ya Wamasai mpaka akafika Elgon hii hii, na jina lake likaandikwa vitabuni. Lakini waliobeba shehena walikuwa watu wa mrima, na mtu aliyeijua njia ya bara alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Mzigo wa mpagazi katika misafara ile ulikuwa yapata frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, na yeye mwenyewe chakula chake juu yake. Mimi shanta yangu ilikuwa na kilo saba: maji, tende, msala, koti la mvua na blanketi. Nilipoanza kuhema kwenye mteremko wa kwanza niliwakumbuka watu wale, na sikuona tena kwamba kazi yao ilikuwa duni. Bara hii waliijua kwa nyayo kabla ya reli kufika Kitale mwaka 1926.

Wako wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Kwa Wazungu yako kweli, na mfano ninaoupenda ni wa bibi mmoja wa Ohio, Marekani, Emma Gatewood, ambaye mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita elfu tatu, amevaa raba na kujitwika mfuko alioushona mwenyewe. Lakini Ibn Battuta aliyeshuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331 hakuwa Mzungu, na wanavyuoni wetu wasingejishughulisha kueleza hukumu za sala ya msafiri, hata kufuta juu ya khofu siku tatu kwa masiku yake, kama dini ingekuwa ya watu wa kukaa barazani.

Na baraza ndiyo hofu yangu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipandisha umri wa kustaafu kwa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Mtu akitoka kazini humo, kwetu Mombasa, hupata kahawa, kashata, bao, na baada ya muda mfupi kisukari na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani halitaki mengi: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kuharakisha pumzi. Halafu mzee huyu, aliyedunduiza fedha miaka ishirini, ndiye tunayempeleka Makka. Saayi peke yake ni zaidi ya kilomita tatu, bado Mina, bado Arafa. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia ilitaja vifo zaidi ya 1,300, wengi wao mahujaji wasio na vibali waliotembea mwendo mrefu juani bila kivuli, na wamo wazee na wagonjwa. Ajali ni ya Mungu, na jua lile lingemwangusha hata kijana. Lakini kwa nini semina zetu za Hija zifundishe dua zote na zisiwafundishe watu kutembea?

Si kazi ngumu kuanza. Viatu vya mtumba vya kufunga kamba vinatosha, mzigo usizidi humusi ya uzito wako, na bakora, ambayo kwetu ni pambo la siku ya Idi, huko huwa mguu wa tatu, hasa wakati wa kuteremka, maana magoti huumizwa na mteremko kuliko mpando. Tatizo ni pa kupita. Barabara kuu ya Kiminini sikuithubutu. Malori hayampi mwenye miguu hata shubiri moja ya lami, na kila mwaka watembea kwa miguu ndio wengi zaidi katika wanaouawa barabarani nchini. Mombasa tuna Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, ambako hata mama zetu wenye mabuibui hutembea jioni kwa amani. Mzee wa Kisauni naye atembee wapi?

Kiangazi cha Januari, inshallah, nitaingia Elgon kwa lango la Chorlim, pamoja na askari wa hifadhi, nilione pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku kuchokonoa chumvi. Kilele cha Koitobos, mita 4,222, nimewaachia vijana. Shemeji yangu ameahidi kunisindikiza mpaka langoni.