Makato ya benki kwenda simu: Tanzania na Kenya zilivyopita njia mbili

Msikilizaji wetu wa Kalya, Sunuka au Kagunga anajua kwamba tawi la benki liko mbali, na kulifikia ni nauli ya boti. Kwa hiyo hela ya dagaa ikiingia benki, inahamishiwa kwenye simu, kisha inatolewa kwa wakala. Hela ni moja, makato ni mawili. Ndiyo maana swali hili hurudi kila mara: je, wenzetu wa Kenya nao wanakatwa hivi hivi?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna ada, ambayo ni ya benki, kampuni ya simu na wakala. Na kuna tozo au kodi, ambayo ni ya serikali. Kwenye ujumbe wa simu yote huonekana kama kato moja tu.

Kenya iligusa ada. Machi 2020, korona ilipoingia, ada ya kuhamisha hela kati ya benki na simu iliondolewa. Ilirudi Januari 1, 2023, lakini Benki Kuu ya Kenya ilisema viwango vipya vingekuwa chini ya vile vya kabla ya korona. Serikali ya huko nayo inachukua kodi, asilimia 15 tangu Julai 2023, ila inakokotolewa kwenye ada. Ada ikiwa sifuri, kodi nayo ni sifuri.

Kwetu ilikuwa tofauti. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021 ilipangwa kwa kiasi cha hela, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Ililipwa juu ya ada, wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 ikaingia hadi kwenye miamala ya benki, malalamiko yakarudi. Kuanzia Oktoba 1, 2022 ikafutwa kwa anayehamisha hela kati ya benki na simu, na kwa anayetoa taslimu benki, kwa ATM au wakala wa benki, isiyozidi shilingi 30,000. Ada za benki zenyewe zilibaki.

Anayeumia zaidi ni mwenye hela kidogo. Chukulia mfano: ukitoa 10,000 ukakatwa 1,000, umepoteza sehemu moja ya kumi. Anayetoa 200,000 akakatwa 4,000 amepoteza sehemu moja ya hamsini. Huyo wa pili kalipa zaidi, lakini wa kwanza ndiye aliyeumia.

Ufanye nini? Kama hela haina haraka, itoe kwa mkupuo mmoja badala ya kidogo kidogo. Dukani panapokubali malipo ya simu, lipa kwa simu uepuke kato la kutoa. Kabla ya kuweka namba ya siri, uliza kato ni shilingi ngapi. Ni haki yako kuambiwa. Na ukitaka kulalamika, jua kwanza kato ni la nani: la ada lipeleke benki au kampuni ya simu, la tozo mweleze mbunge wako. Katika nchi zote mbili tumeona kwamba makato yanaweza kushuka.