Motokaa Itetemekayo Baada ya Kutiwa Mkanda Mpya

Hutokea mara nyingi kwamba mwenye motokaa humpelekea fundi gari lake litiwe mkanda mpya wa taimingi, naye ajapo kulichukua huona injini yatetemeka kuliko kwanza. Fundi humwambia, "Mzee, mkanda ni mpya, utazoea." Maneno hayo yasikubaliwe. Injini haizoei kosa. Ikiwa mtetemo ulianza siku ile ile ya kazi, yafaa sababu yake itafutwe kwanza katika kazi yenyewe, kabla gari halijaendeshwa mbali.

Kwanza zitazamwe mauntingi. Katika motokaa nyingi ambazo injini yake imewekwa kukingama, mauntingi ya upande wa mkanda hufunguliwa, na injini hushikiliwa kwa jeki. Bolti zisipokazwa sawasawa, au mpira ukiwa umepasuka, mtetemo hupita moja kwa moja hata kwenye usukani na viti. Kadhalika mipira ya hewa na nyaya za plagi zihakikishwe kuwa zimerudishwa mahali pake. Kazi hiyo haigharimu kitu ila macho.

La pili ni alama za mkanda. Krankshafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti ikizunguka mara moja, na hivyo valvu hufunguka kwa wakati wake. Ikiwa gurudumu la krankshafti lina meno 20, mkanda ukikosewa jino moja tu wakati huo hupotoka kwa nyuzi 18. Injini yaweza kuwaka, lakini hutetemeka na kukosa nguvu. Yakikosewa meno zaidi, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu zikapinda, na gharama ya mkanda ikageuka kuwa gharama ya silinda hedi. Kwa hiyo fundi mwangalifu huizungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, kwa upande inakozungukia siku zote, kisha hutazama alama tena. Ikikwama, asiilazimishe wala asiiwashe.

La tatu husahauliwa sana. Injini nyingine, kama ile ya Mitsubishi 4G63 ya lita 2, zina shafti mbili za kusawazisha, zizungukazo mara mbili kwa kila mzunguko wa krankshafti ili kutuliza mtetemo. Moja huendeshwa kwa gurudumu la pampu ya oili, na alama ya gurudumu hilo huweza kuonekana sawa hali shafti yenyewe iko kombo. Ndipo fundi hufungua kizibo kilicho ubavuni mwa injini na kupenyeza bisibisi yenye unene wa milimita 8. Ikiingia milimita 60 au zaidi, shafti iko mahali pake. Ikikomea 20 au 25, gurudumu lizungushwe mzunguko mmoja na alama zilinganishwe upya. Bisibisi ibaki humo mpaka mkanda umefungwa, kisha itolewe. Injini yenye kosa hili huwaka vema na nguvu zake huwapo, ila hutetemeka. Hapo ndipo hutofautiana na ile iliyokosewa jino.

Basi mwenye motokaa asione haya kuuliza: Je, alama zilitazamwa tena baada ya mizunguko miwili? Je, bolti za mauntingi zilikazwa? Fundi ajuaye kazi yake hachukizwi na maswali hayo, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.