Majani ya Mlonge Yapimwe, Yasisifiwe Tu

Mlonge unastahili heshima. Majani yake yana kwasetini na asidi ya klorojeni, kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe. Katika maabara, panya waliopewa parasetamoli nyingi hawakuumia sana ini walipomezeshwa dawa iliyokamuliwa kutoka majani hayo.

Lakini panya si binadamu. Mgonjwa wa homa ya ini anayeacha hospitali kwa kuamini sifa za sokoni anahatarisha maisha yake.

Muhimbili ilianza kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili ikatungwa mwaka 2002. Msingi upo. Wataalamu wetu wawezeshwe kuyapima majani hayo kwa wagonjwa, kipimo na madhara yake yajulikane. Kujitegemea katika tiba ni kuthibitisha, si kusifu.