JENEZA LIKAACHWA CHINI YA MWEMBE



Tumeombwa tuandike habari za mfuko wa mazishi, nasi tutaziandika. Lakini kwanza twataka kusema jambo lililotukaa rohoni tangu mwezi uliopita.

Ijulikane kwamba sisi hatumo katika dini yo yote. Hata hivyo tulisoma shule ya misheni, tukakaririshwa Maandiko mpaka tukayajua, na asiyeyajua alichapwa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba twanena mambo tusiyoyafahamu.

Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu wa upande wa Kibwezi. Miaka kumi na tisa alishindilia kokoto chini ya mataruma, jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kila Jumapili asipokuwa zamu alikuwa kanisani mapema kuliko mchungaji. Alipokufa, wazee wa kanisa walifungua daftari. Wakaona makosa mawili: hakufunga ndoa ya kanisa, na kadi yake ya michango ilikuwa na deni la miaka mitatu. Basi jeneza lisiingie ndani, wala mchungaji asifike kaburini. Tukaliweka chini ya mwembe ulio nje ya uwanja. Mjane akakaa chini kando yake, na sisi tusiosali ndio tuliotafuta mtu wa kuomba.

Sasa fikirini. Huyu bwana alioa kwa desturi yetu Wakamba: mbuzi wa ntheo walipelekwa, wakwe wakawapokea, watoto wanne wakazaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, bora iandikishwe. Serikali inamwita yule mama mke, bali kanisa lake mwenyewe lasema alikuwa akiishi dhambini. Na arusi ya kanisa ni suti, pete, keki, magari na kamati ya kuchangisha. Mtu wa gengi atayatoa wapi hayo?

Jumapili iliyofuata alikuja mheshimiwa mmoja katika kanisa lile lile. Nyumba zake ni mbili, na ya pili haikupita madhabahuni; jambo hilo halina siri, hata watoto walijua. Alipewa kiti cha mbele na kipaza sauti, akatoa bahasha, watu wakapiga makofi. Siku hiyo daftari halikufunguliwa. Waraka wa Yakobo, mlango wa pili, wasimulia habari za tajiri mwenye pete ya dhahabu anayekalishwa pazuri huku maskini akiambiwa asimame. Twakumbuka mlango huo kwa sababu tulichapwa kwa ajili yake.

Haki yao tuwape walio na haki. Mwezi wa Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alikataza wanasiasa wasihutubie katika makanisa yake. Mwezi wa Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Katoliki huko Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais Ruto katika kanisa moja la Soweto zirudishwe. Yafaa tuwasifu. Ila agizo la Nairobi hufika huku kwetu polepole kuliko gari la mizigo.

Tena kuna hili la ngoma. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, naye akafa mwaka uliofuata. Tangu siku zile misheni nyingi za Ukambani zilikataza ngoma za kienyeji, pombe na shanga. Bibi yetu wa Kitui alitengwa na kanisa lake kwa kucheza kilumi, akafa hajarudishwa. Leo piteni mjini Kitui au Wote siku ya Jumapili: ngoma, magitaa, vipaza sauti, na akina mama wanatikisa mabega vile vile kama bibi. Sisi hatuchukii ngoma, hasha. Twauliza tu, kama siyo dhambi leo, mbona hakuna aliyekwenda kuomba msamaha kwa wale waliotengwa?

Wengi wenu mmekula Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli kama sisi. Mtu avua viatu, afunika kichwa, apewa chapati na dengu na chai. Haulizwi kabila, wala dini, wala kadi. Nasi tulikula pale tukiwa na nguo zenye grisi na hakuna aliyetutazama vibaya.

Mwenzetu mmoja atajibu kwamba kanisa haliendeshwi kwa hewa, lataka fedha. Kweli. Na hapa twapaswa kujitazama wenyewe, ingawa haipendezi. Kanuni ya mfuko wetu wa mazishi yasema kwamba mwanachama mwenye deni la miezi mitatu hapati kitu. Marehemu alikuwa na deni la miezi minne. Kamati ilifumba jicho, tukanunua jeneza. Lakini je, kama angekuwa mtu asiyependwa na kamati? Daftari letu nalo lingefunguliwa, na sisi tungekuwa wazee wa kanisa wasio na Biblia.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa katibu, tukiomba kanuni hiyo ibadilishwe: deni la marehemu likatwe katika fedha zinazotolewa, wala lisizuie maziko. Litajadiliwa katika mkutano ujao wa tawi. Njoni, hata ninyi mnaotoka ibadani.

Mjane bado adaiwa shilingi 14,000 za chumba cha maiti. Anayetaka kuchanga ampe mweka hazina, naye atatoa risiti.