Tunailinda Kaya, Nani Atamlinda Mzee?

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mpaka kalamu zikaisha wino. Lakini hebu niwaulize, wanachama wenzangu: hiyo mila tunayoambiwa tusiiache, inakaa wapi? Na anayeijua ni nani?

Sisi wa Dabaso tuna bahati. Magofu ya Gede yako papa hapa kwetu. Serikali ilianza kuyalinda kisheria tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Yana walinzi na yana tiketi. Hata wazee wote wa hapa wakituondokea leo, kuta za Gede zitabaki zimesimama.

Kaya si hivyo. Kaya za Wamijikenda ni misitu ambamo mababu zetu walijenga miji yao, na walipohama wakaiacha iwe mahali patakatifu pa kuzika, kuombea mvua na kukutania wazee. Ndani ya kaya hukati mti, wala huingii bila ruhusa ya wazee. Miaka yote hiyo hapakuwa na askari mlangoni. Lililoilinda misitu ni neno la mzee, basi.

Mwaka 2008 UNESCO ilizitia kaya kadhaa katika urithi wa dunia. Tukafurahi. Mwaka uliofuata, 2009, ikaziandika mila zenyewe za kaya katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Yaani miti ipo, lakini wanaojua nyimbo, viapo na maombi wanapungua.

Kumbukeni habari za Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyu alizunguka katika vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu na kuwakusanya watu, mpaka wakala kiapo huko Kaya Fungo kwamba hawatamfanyia Mwingereza kazi. Akakamatwa, akapelekwa Kisii. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Walijua nguvu ya Wagiriama iko wapi! Ndiyo maana siku hizi mwezi wa Agosti hufanyika tamasha la kumkumbuka, Malindi na kule Bungale, Magarini, alikozikwa.

Sasa nisikilizeni. Mwaka jana tsawe wangu alikuwa akijitayarisha kwenda kwenye tamasha hilo. Alitoa nguo zake na bakora yake, kisha nikamkuta nyuma ya nyumba ameinamia beseni, anapaka nywele rangi nyeusi. Nikacheka. Nikamwambia, "Tsawe, nawe wautaka ujana?" Yeye hakucheka. Akanijibu, "Mjukuu wangu, mvi hizi zitaniua." Nikanyamaza kimya.

Kila mtu wa Kilifi anajua alichokuwa akisema. Kwa miaka mingi wazee wa huku wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba. Wanaoshika mapanga si Waingereza. Ni vijana, wengine wajukuu wa mzee yuyo huyo! Mambo yamefika hadi MADCA, chama cha utamaduni cha Malindi ambacho huandaa tamasha la Mekatilili, kimelazimika kuwapa hifadhi wazee waliokimbia makwao.

Jamani, tunafanya nini? Agosti tunampigia mzee makofi akicheza ngoma, Septemba tunamnong'ona kwamba ni mchawi. Maoni yangu ni haya: hatuwezi kuihifadhi kaya huku tukimwinda anayeijua. Mzee mmoja akiuawa, ameondoka na nyimbo na miiko ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Na mwenye panga akiingia msituni kesho kukata nguzo, nani atamwambia ni mwiko?

Wapo watakaosema, ati kaya ni ushirikina na sisi ni watu wa dini. Mimi pia Jumapili niko kanisani. Lakini kuiheshimu kaya si kuisujudia, na hakuna dini iliyoruhusu kumuua mzee kwa sababu ana mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Basi chama chetu kifanye mambo mawili. Kwanza, likizo ya Agosti kila mwanachama aketi na mzee wa kwao, aandike wimbo mmoja na mwiko mmoja wa kaya pamoja na maana yake, tuvihifadhi shuleni. Pili, neno "mchawi" likirushwa kwa mzee yeyote nyumbani, tusicheke wala tusilisambaze. Tumwambie mwalimu au chifu mapema, kabla ya damu kumwagika.

Shime, vijana wenzangu! Agosti ijayo nataka tsawe wangu aende tamashani na mvi zake.

Mwanachama, Kidato cha Tatu