Utayarishaji wa muziki jijini Arusha

Utayarishaji wa muziki jijini Arusha ni kazi ya kutunga midundo, kurekodi na kuchanganya sauti inayofanywa na maprodyuza na madijei wa jiji hilo lililo chini ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania. Arusha, ambayo vijana huiita Chuga, inajulikana nchini kama mji wa hip hop. Hata hivyo, nyimbo nyingi zilizowapa umaarufu rapa wake zilirekodiwa Dar es Salaam, na suala la nani anamiliki mdundo na nani analipwa kwa ajili yake bado linawaumiza maprodyuza.

Historia

Kundi la X Plastaz lilianzishwa Arusha mwaka 1996. Lilichanganya ufokaji wa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat, mwanakundi aliyepanda jukwaani na shuka lake na kuimba kwa koo kama waimbavyo morani. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na Outhere Records, lebo ya mjini Munich, Ujerumani, na kundi likafanya ziara katika nchi kadhaa za Ulaya. Mmoja wa waanzilishi, Faza Nelly, aliuawa mwaka 2006. Mwaka 2009 mwenzake Gsan alifoka kwa Kiswahili katika kipindi cha tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani, kando ya rapa wakubwa wa huko.

X Plastaz walionyesha kwamba msanii wa Arusha anaweza kufika mbali bila kupitia Dar es Salaam. Lakini njia yao ilikuwa nyembamba. Ilitegemea lebo ya nje na hadhira ya Ulaya iliyovutiwa kwanza na Umaasai wao, na waliokuja baadaye hawakuifuata.

Katika miaka ya 2000 kulitokea kizazi cha mitaani. Kundi la Nako 2 Nako Soldiers, walimokuwamo Lord Eyez na G Nako, lilichukua jina lake kutoka kata ya Ngarenaro. Watengwa, kundi la JCB, walijitambulisha kwa Kijenge. Kwa sehemu kubwa sauti ya kizazi hicho ilipikwa hapohapo mjini, katika studio kama Noizmekah: ngoma nzito, besi nene, na lafudhi ya Chuga ambayo mtu wa pwani huitambua kabla mstari wa kwanza haujaisha.

Kuhamia Dar es Salaam

Sababu za kuhama si siri. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Jiji la Arusha lilikuwa na watu 617,631, wakati Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Redio kubwa, televisheni, waandaaji wa matamasha na kampuni zinazotoa matangazo ya biashara vipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Nairobi iko karibu zaidi, chini ya nusu ya umbali huo, ila ina soko lake na wasanii wake.

Kundi la Weusi ndilo mfano ulio wazi. Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na wenzao ni watu wa Arusha, lakini nyimbo zao zilizovuma miaka ya 2010 zilipita mikononi mwa Nahreel, prodyuza aliyefanya kazi Dar es Salaam. Nahreel, jina halisi Emmanuel Mkono, alisoma India na ni nusu ya kundi la Navy Kenzo, pamoja na Aika. Mwaka 2015 alitayarisha "Don't Bother" ya Joh Makini akimshirikisha AKA wa Afrika Kusini, na mwaka huohuo "Nana" ya Diamond Platnumz. Navy Kenzo walitoa albamu yao mwaka 2016. Kwa kifupi, prodyuza aliyekuwa karibu na redio alipata rapa wa Arusha bila kuifuata Arusha. Prodyuza aliyebaki nyumbani alibaki na wanaoanza, yaani wale wasio na pesa.

Kulinganisha na Uingereza

Si lazima kila muziki upitie mji mkubwa. Drum and bass, muziki wa Uingereza wenye kasi ya mapigo kama 170 hadi 175 kwa dakika, ulikulia London, lakini Roni Size na kundi la Reprazent walibaki Bristol, wakatumia lebo yao wenyewe, Full Cycle, na mwaka 1997 walishinda tuzo ya Mercury kwa albamu New Forms. Bristol ilikuwa na klabu, madijei na maduka ya santuri yaliyolisha muziki huo. Arusha ina baa na hoteli nyingi za watalii, ila humo nyingi hupigwa kinachovuma Dar es Salaam, Lagos au Johannesburg.

Muziki huohuo una hadithi nyingine inayowahusu zaidi maprodyuza wa hapa. Nyimbo zake nyingi zimejengwa juu ya sekunde chache za ngoma zilizokatwa kutoka "Amen, Brother", wimbo wa mwaka 1969 wa kundi la Marekani, The Winstons. Mpiga ngoma wake, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alipata pauni 24,000 mwaka 2015, na hata hizo zilikuwa michango ya hiari ya mashabiki.

Haki na malipo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Inamlinda mtunzi wa muziki, na kando yake inamlinda mtayarishaji wa rekodi ya sauti, yaani aliyeanzisha na kusimamia kurekodiwa kwake. Prodyuza wa mtaani huvaa kofia zote mbili: ametunga biti na amerekodi. Lakini msanii aliyelipia studio huona kwamba amenunua kila kitu. Bila mkataba wa maandishi, akaunti ya YouTube, Boomplay au Spotify (iliyoingia Tanzania mwaka 2021) hulipa aliyeifungua, na huyo kwa kawaida ni msanii au meneja wake. Jina la prodyuza linalotamkwa mwanzoni mwa wimbo ni tangazo zuri la biashara. Si hati ya umiliki.

Kwa miaka mingi mirabaha ilikusanywa na COSOTA. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili vyama vya wenye haki viweze kukusanya na kugawa fedha hizo. Kwa Arusha mabadiliko haya yana uzito wa pekee, kwa kuwa hoteli na kumbi zinazopaswa kulipia muziki ni nyingi kuliko katika miji mingi ya ukubwa wake. Mgawo hutegemea mambo mawili: kumbukumbu ya nyimbo zilizopigwa, na fomu ya usajili wa kazi inayotaja mtunzi wa mdundo na sehemu yake. Wimbo ukisajiliwa kwa jina la mwimbaji peke yake, fedha huenda kwake hata kama chama kinafanya kazi yake sawasawa.